Jina la Rasoa

Kila jioni Khavere akitoka shule alijifunga leso kiunoni na kuanza kuosha matumbo. Mama yake, Rasoa, alikuwa ameyanunua asubuhi kule machinjioni Kiamaiko, mbuzi wakiwa ndio kwanza wamechinjwa, akayabeba kwa ndoo mpaka mtaani kwao Mowlem. Jua likizama aliyakaanga kando ya barabara, na watu waliotoka kazini wakajaa kama siafu.

Khavere hakuwa mtu wa maneno. Mteja akiuliza bei, yeye alionyesha vidole.

"Wee Khavere, na ulimi pia umeukaanga?" Sabrin, jirani yake waliyesoma naye darasa la saba, alizoea kumtania hivyo, na wateja wote wakacheka.

Mwaka huo mama alianza kukaa. Yeye aliyezoea kukaanga akiwa wima huku akiimba, sasa aliketi juu ya debe, mkono mmoja tumboni. Alikuwa akitokwa na damu siku ambazo hakupaswa kutokwa. "Ni uchovu tu," alisema. Siku aliyoanguka kando ya karai la mafuta, ndipo baba, mzee Luseno, alipoomba ruhusa katika kiwanda cha blanketi alikofanya kazi na kumpeleka hospitali.

Daktari alipima, akapima tena. Kisha akasema, "Ni saratani ya mlango wa kizazi. Haijaenda mbali. Mama atachomwa kwa mashine ya miale. Ng'ambo kuna mashine za kuongozwa na kompyuta, zinalenga uvimbe kama mshale, lakini hizo hapa tunazisikia tu. Hii yetu nayo inatibu, ila ni ghali sana."

"Ghali si neno, daktari," baba alisema. "Tuna bima ya kiwanda. Mwezi kwa mwezi wananikata."

Khavere alimwona mama akiinamisha kichwa.

Walipofika nyumbani, mama hakuvua hata kitambaa cha kichwa. "Baba Khavere, umesahau jina langu lilishalala katika hospitali ile?"

Baba hakuwa amesahau. Miaka miwili nyuma dada yake, shangazi Millicent, aliletwa kutoka nyumbani Vihiga akiwa hoi, kizazi kimejaa uvimbe. Bima ya kiwanda iliwatambua mke na watoto, haikumtambua dada. Basi wazee wakaketi, wakasema kadi ya mwana wetu ni ya ukoo mzima, na mke mwema hamnyimi wifi yake. Rasoa akatoa kadi. Millicent akalazwa kwa jina la Rasoa, akatolewa kizazi kwa jina la Rasoa, akapona, akarudi kuchuma majani chai.

Na Khavere? Khavere alipewa kazi yake pia. Kila alipopeleka uji wodini, aliagizwa aseme kwa sauti, wauguzi wasikie: "Mama, kunywa uji." Mara ya kwanza alilisema neno hilo akitazama bakuli. Baadaye likazoea kutoka.

"Tutasema hospitali ilichanganya wagonjwa," baba aliamua. "Na wewe Khavere, ukiulizwa, hujui kitu. Kazi yenyewe si ni kunyamaza? Hiyo unaiweza."

Juma lililofuata waliitwa hospitalini, wote watatu. Ofisini walimkuta daktari, Sista Wacuka wa wodi ya akina mama, na bwana mmoja wa kampuni ya bima, Gichuru, aliyekuwa akifuta miwani yake kwa tai.

"Mzee, nieleze kitu," Gichuru alianza kwa upole. "Kampuni yangu ililipia mke wako atolewe kizazi. Leo naambiwa nilipie saratani ya kizazi hicho hicho. Kimeota tena kama sukuma wiki?"

"Hospitali ilikosea," baba alisema, akitazama sakafu.

"Sisi?" Sista Wacuka alishika kiuno. "Rasoa nilimuuguza kwa mikono hii. Alikuwa mama mnene, ana pengo hapa mbele. Huyu si Rasoa."

Daktari akaongeza kwamba mama hana kovu lolote tumboni.

"Basi jibu ni hilo," Gichuru alisema, akamgeukia mama. "Mama, umekuja kutibiwa kwa kadi ya mke wa mtu. Wewe ni nani hasa?"

Mama alifungua mdomo. Akamtazama mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa inaning'inia kwenye uzi. Akafumba mdomo. Rasoa mwenyewe alikaa pale akiambiwa si Rasoa, na hakuna mtu mzima aliyemtetea.

Sista Wacuka akamwona Khavere nyuma ya mlango. "Na huyu msichana namjua! Ndiye alikuwa akileta uji. Njoo hapa, mwanangu. Mama yako ni nani?"

Baba alimkazia macho. Lakini mama alikuwa amefumba yake, na chozi moja lilikuwa limefika kidevuni.

"Ni huyu," Khavere alisema.

"Na yule uliyekuwa ukimwita mama?"

"Alikuwa shangazi. Niliambiwa nimwite mama. Mama yangu alikuwa nyumbani, anapika ule uji."

Hata Gichuru aliacha kufuta miwani.

Daktari aliichukua faili iliyokuwa mezani. "Afadhali umesema, binti. Mgonjwa aliyetolewa kizazi hachomwi sawa na ambaye hajatolewa. Daktari mwingine angeifuata faili hii, angemuumiza."

"Na mimi nasikitika," Gichuru alisema, akisimama. "Jina lake lingekuwa safi, kampuni ingelipia kitanda, dawa na mashine, mpaka mwisho. Sasa familia hii imetoka kwenye bima."

Njia nzima baba alitembea mbele, mbali na Khavere. Kiwandani hawakumfukuza, lakini walimshusha cheo, akarudi kufagia vumbi la sufu alikokuwa ameanzia. Mama akapelekwa hospitali ya serikali, kwa faili mpya na jina lake mwenyewe, akangoja mashine pamoja na foleni ya watu waliokonda. Shangazi Millicent aliuza ng'ombe wake wa maziwa. Akina mama wa kanisa wakafanya harambee, wakachanga fedha. Wale wazee walioketi kuamua kuhusu kadi walituma salamu.

Zamu ya mama ilifika. Alichomwa, ngozi ikawa nyeusi kama sufuria ya jiko la kuni, nywele hazikumtoka lakini nguvu zilimtoka. Polepole damu ikakoma. Daktari akasema uvimbe umenywea, arudi kliniki kila baada ya muda.

Jioni ya kwanza mama alipoweza kuketi tena kando ya karai, baba alikuja akasimama karibu nao. "Nilikuambia unyamaze," alimwambia Khavere. "Ungenitii, ningekuwa nimemzika mama yako kwa mdomo wangu." Akaenda zake kuchota maji.

Mama aligeuza matumbo kwenye mafuta. "Sikia, mwanangu. Jirani akiazima sufuria, inarudi na masizi, unasugua. Jina halisuguliki. Anayemsaidia mwenziwe kwa uongo humpa dawa na kumwachia mwingine ugonjwa. Ng'ombe wa shangazi yako tungemuuza wakati ule ule. Tuliona uongo ni rahisi."

"Ndiyo, mama."

Mama akainua uso. "Siku zile za uji," alisema, "ulikuwa ukirudi nyumbani hunitazami."

Khavere hakujibu kwa vidole. "Mama," alisema. Akasema tena, kwa sauti, mpaka wateja wakageuka: "Mama!"