Kwa Ubeid Hafi Mtu

"Kaka, huyu mtu hajasafiri. Huyu mtu amekufa!"

Nilikuwa nimesimama mbele ya kibanda cha muvi, Mtaa wa Msimbazi, saa nne asubuhi, flashi nimeikamata utadhani kisu. Mwenye kibanda akavua hedifoni taratibu.

"Mambo, dada?"

"Si poa. Wewe ndiye Ubeid, unayetafsiri muvi za Kituruki?"

"Ndiye mimi."

Sauti ile! Nzito, ya upole, ya mtu asiye na haraka na dunia. Nilidhani mwenyewe atakuwa pande la mtu. Kumbe kijana mwembamba tu, mkono wa miwani yake umegandishwa kwa gundi.

"Kwenye hii muvi jeneza linapita, wewe unasema ni kabati la bi harusi. Watu wanafukia kaburi, unasema wanapanda mnazi. Mjane analia, unamwambia, 'Usilie bibie, mume kasafiri, yuko Maskati anatafuta maisha.' Kazi gani hiyo?"

Goodluck, muuza kava za simu wa kibanda cha pili, akaangua kicheko.

"Sista, ndiyo watu wanachopenda. Kwa Ubeid hafi mtu!"

"Mimi sicheki."

Na kweli sikuwa na cha kunichekesha. Mume wangu Idrisa alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mtu wa safari. Kila akiondoka nilimtumia ujumbe, "Umefika?" naye hujibu, "Nimefika mama." Safari ya mwisho alikwenda Kigoma, homa ikamkamata, siku mbili tu. Akazikwa hukohuko siku ileile aliyokata roho. Mimi nikaletewa habari na begi.

Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi ndani. Kila Ijumaa wifi yangu Dalia aliniletea flashi imejaa muvi kutoka kwa Ubeid. Nilijilaza, pazia linapepea, feni inazunguka, na sauti ile inaniambia kasafiri, kasafiri. Macho yaliona kaburi. Masikio yakachagua mnazi. Ilikuwa raha, sitadanganya. Nilielea tu, siku zikapita siku zikarudi, na Idrisa yuko njiani anakuja.

"Eda nzima nimekusikiliza wewe, flashi ananiletea wifi yangu Dalia," nikamwambia Ubeid. "Nimetoka wiki ya tatu sasa. Bado namwekea sahani."

Nikampa simu yangu aone.

*Umefika?* Jana.

*Umefika?* Juzi.

*Umefika?* Tiki moja, tiki moja, mpaka juu kabisa.

Ubeid alisoma, akanirudishia simu kwa mikono miwili.

"Nisamehe dada yangu. Wallahi sikujua. Wifi yako alisema tu kuna mtu ndani anapenda muvi."

"Sitaki radhi. Itafsiri upya. Nataka useme amekufa, kwa sauti hiyohiyo."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Ngoja nikuwekee nyingine, za kuchekesha..."

"Mkeo anajua unavyodanganya wajane wa watu?"

Goodluck akaacha kucheka. Akainama, akaanza kupanga kava zilizokwisha kupangwa.

"Mke wangu kasafiri," Ubeid akasema.

Nikamtazama. Macho yale nilikuwa nayaona kwenye kioo changu kila asubuhi. Hasira zote zikaniisha pale pale.

"Lini?" nikauliza.

"Mwaka wa tatu huu. Anaitwa Nunu. Alikwenda kujifungua." Akakunjakunja waya wa hedifoni. "Niliporudi hapa, muvi ya kwanza kutafsiri ikawa na msiba. Neno halikutoka. Ndipo nikasema kasafiri. Basi ikawa hivyo hivyo mpaka leo."

"Na mtoto?"

"Walisafiri wote."

Nikavuta kigoda, nikakaa mlangoni.

"Washa maiki, Ubeid. Mimi nipo hapa."

Akaiwasha. Jeneza likapita kwenye skrini, mjane akajitupa chini.

"Mume wake... mume wake ame..."

Akasimamisha. Akarudisha nyuma. Mara ya pili vile vile, na mara ya tatu. Nje wamachinga wanaita wateja, spika zinapiga kelele, na yeye anahangaika na neno moja.

Mara ya nne akafumba macho.

"Amekufa. Usidanganyike bibie, hakwenda Maskati. Amekufa, na lile ni kaburi lake. Lia. Lia tu, tupo hapa."

Nikalia. Kilio ambacho sikukilia siku ya habari, nikakilia pale Msimbazi, mchana kweupe, ushungi umejaa machozi. Ubeid naye alilia, na maiki ikarekodi. Hakukata.

Ile muvi ikatembea kuliko zote. Wifi Dalia akaipeleka kwa mjane wa mtaa wa pili, huyo kwa dada yake. Flashi zikamiminika kibandani: "Ile ambayo mtafsiri analia."

Mimi, tangu usiku wa siku ile ya kilio, sikuweka tena sahani.

Na sisi tukaanza kusalimiana. Salamu zikawa stori. Jioni moja tunakatiza Mnazi Mmoja, Goodluck nyuma yetu kama askari, Ubeid akasimama.

"Nasma, nataka kuleta posa kwa ami yako."

Moyo ulinipasuka kwa furaha, na hapohapo nikaogopa.

"Ubeid, kuna mtu sijamzika."

"Najua."

"Nikamwone kwanza. Nikirudi na moyo mzima nitakujibu. Nisipokuwa nao, usinidai."

"Nenda," akasema. "Nunu mimi namzuru kila Ijumaa sasa. Zamani nilikuwa napita njia nyingine."

Nikapanda treni ya Kigoma. Njia nzima nilikuwa kama naota, miji inakuja na kupotea dirishani. Awadhi, rafiki wa Idrisa aliyemuuguza na kumzika, akanipeleka makaburini, akanionyesha, akarudi nyuma kuniachia nafasi.

Ni tuta la udongo mwekundu tu. Nikapiga magoti, nikaliwekea mkono.

"Idrisa, kumbe ulifika siku nyingi. Mimi ndiye niliyechelewa."

Nikamsomea Fatiha. Nikamwambia habari zote, hata za Ubeid. Nilipokuwa najifuta machozi simu ikalia mlio wa ujumbe.

Ubeid: *Umefika?*

Nililitazama neno lile mpaka herufi zikaungana. Halafu nikaandika:

*Nimefika.*

Nikasimama, nikakung'uta udongo magotini, nikaongeza:

*Kesho napanda treni. Waambie wazee wako, ami yangu huwa nyumbani Ijumaa baada ya sala.*