Siri ya Nyamvula Kinywani mwa Philister

"Nilimfunga katika leso ya mama yangu, ile ya buluu yenye pindo jeupe. Mama nilimwambia imeibwa kwenye kamba ya nguo. Kumbe mwizi ni mimi!"

Maneno hayo aliyatoa Philister akiwa amepiga magoti katikati ya uwanja wa Mishomoroni, na wanawake waliosimama mbele wakaanza kujifuta macho. Nyuma ya umati, kando ya ukuta wa duka, Nyamvula alisikia kila neno. Alikuwa ametoka hospitali kuchukua dawa ya mama yake, akapita kuwasalimu wenzake wa kundi. Leso ile aliijua. Mtoto aliyefungwa ndani yake alikuwa wake.

Miaka saba nyuma, akiwa na miaka kumi na saba, Nyamvula alijifungua kwa shangazi yake huko Kaloleni. Mtoto aliishi siku mbili. Mama yake, Josephine, mkaangaji wa mahamri wa Mtongwe, aliambiwa kwamba bintiye yuko huko kurudia darasa. Shangazi alikufa na siri hiyo. Mtu mmoja tu chini ya jua aliambiwa baadaye: Kyalo, siku alipomvisha Nyamvula pete ya uchumba. Nyamvula alimwambia kwa hiari yake, kwa kuwa hakutaka kuingia katika ndoa na jambo lililofichwa.

Kyalo ndiye aliyekuwa kiongozi wa kundi lao la waigizaji sita, waliozunguka Likoni, Kisauni na Changamwe wakicheza michezo ya kuelimisha watu. Nyamvula alikuwa amebaki nyumbani wiki tatu kumuuguza mama aliyeunguzwa mguu na mafuta ya moto, na nafasi yake katika mchezo akapewa Philister, mwigizaji mgeni.

Mchezo ulipokwisha alimkuta Kyalo nyuma ya hema.

"Nyamvula! Mbona hukusema unakuja?"

"Ningesema, ungenionyesha mchezo mwingine?"

"Tulia, mpenzi. Watu wanatutazama."

"Wamekwisha kunitazama mpaka tumboni, Kyalo. Nani alikupa ruhusa?"

"Sikutaja jina la mtu. Na umewaona walivyolia? Miaka minne tunawachezea kunawa mikono na kuchimba vyoo, wao wanatafuna muhogo. Leo wamelia!"

"Wamemlilia mtoto wangu."

Kyalo akainamisha kichwa.

"Mama yangu hajui," Nyamvula akasema kwa sauti ya chini. "Jumamosi mnacheza Mtongwe, karibu na mlango wake. Habari hii nitampa mimi, kwa kinywa changu, tukiwa tumekaa wawili, mguu wake ukishapona. Asije akaisikia uwanjani."

"Nitaiondoa."

"Apa."

"Naapa mbele ya Mungu. Mtongwe hutasikia leso wala kaburi."

Wakati huo Philister alifika na kitambaa, akamfuta Kyalo jasho la shingoni bila kuuliza, kama mtu aliyezoea shingo hiyo.

"Ah, dada Nyamvula! Pole kwa mgonjwa."

"Nimepoa," Nyamvula akajibu, akiutazama mkono ule mpaka ukashuka.

Ijumaa ujumbe uliingia katika simu yake: "Sehemu ile nimeiondoa. Mlete mama kesho afurahi. Nakupenda."

Basi akamleta. Alibeba kiti cha nyumbani, akakiweka safu ya mbele, akamketisha mama yake na mguu wenye bendeji juu ya kigoda.

"Mkwe wangu leo atatuonyesha nini?" Josephine akauliza kwa sauti, majirani wasikie. "Kama ni choo tena, mimi narudi kwenye mahamri yangu. Choo ninacho."

Watu wakacheka. Nyamvula naye akacheka, na hiyo ikawa mara yake ya mwisho kucheka siku hiyo, kwa sababu mchezo ulipofika katikati Philister alipiga magoti na kusema: "Nilimfunga katika leso ya mama yangu, ile ya buluu yenye pindo jeupe..."

Josephine hakupiga kelele. Alimtazama Philister mpaka mwisho wa maneno yale, kisha akageuza uso polepole, akamtazama bintiye, akaona yote aliyohitaji kuyaona.

"Nipeleke nyumbani," akasema.

Nyumbani mama alikaa kitandani, kitenge amekishika kwa mikono miwili.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kike, mama."

"Ulimwita nani?"

"Josephine."

Mama akafumba macho.

"Ungenifukuza, mama?"

"Ningekupiga. Halafu ningekupikia uji." Machozi yakaanza kumtiririka. "Lakini mjukuu wangu ningemlilia hapa ndani, nimefunga mlango wangu. Leo nimemlilia mbele ya wauza miwa, nikiogopa hata kutoa sauti ili wasijue ni wangu. Huyo kijana ulimwambia wewe?"

"Mimi mwenyewe. Nilitaka asinioe bila kunijua."

"Hapo hukukosea. Aliyekosea ni yule aliyepewa amana." Akajifuta macho, na sauti yake ikawa kavu. "Utamfanya nini?"

"Nitamrudishia pete."

"Akurejeshee heshima yako nani? Pete ataivalisha kidole kingine. Mimi nakuuliza, Nyamvula, utamfanya nini?"

Nyamvula akatoka nje na kupiga simu. Kyalo alipokea upesi.

"Mpenzi, nisikilize. Mgeni wa wafadhili, wale wanaotaka kutulipia, alikuwa pale. Nisingeweza kuondoa kiini cha mchezo. Kesho Magongo anautazama mara ya mwisho, na tukimridhisha tunaalikwa Nairobi. Nairobi, Nyamvula!"

"Uliniapia."

"Mama amejua?"

"Amejua."

"Basi si afadhali? Umetua mzigo. Siku moja utanishukuru."

Nyamvula akakata simu. Hapo hapo akampigia Tinga. Huyu alikuwa mwendeshaji wa mchezo, mtu anayesimama kati ya waigizaji na watazamaji, naye hakuwa na mazoea ya kumpendelea mtu.

"Tinga, kesho Magongo utasimamisha mchezo pale pale penye maneno ya leso?"

"Pale pale. Kwa nini?"

"Ukiuliza nani atamsaidia msichana, mkono wangu utakuwa juu."

"Yale maneno ya leso ni yako?"

"Ni yangu."

"Nilishuku. Mkono unaotangulia ndio ninaouchukua, dada. Hiyo ndiyo kazi yangu. Siku hiyo simjui kiongozi wala nani."

Jumapili mchana, ibada ilipokwisha, watu wa Magongo walijaa katika kiwanja cha kanisa alikosali Kyalo. Wazazi wake walikaa mbele na kaka zake wawili. Kando yao alikaa Mzee Phineas, mzee wa kanisa, ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa amesoma kwa mara ya kwanza tangazo la ndoa ya Kyalo na Nyamvula. Mgeni wa wafadhili alikuwa na daftari lake mapajani.

Kundi hilo lilikuwa na desturi yake ya kucheza. Kamba nene ililazwa chini ikizunguka uwanja. Mchezo ulipofika penye kisa kizito, Tinga aliwagandisha waigizaji na kumwalika mtazamaji yeyote aingie, achukue nafasi ya mmoja wao na ajaribu kukitatua kisa. Waliobaki ndani ya kamba walilazimika kumjibu kama wahusika wa mchezo, wala hakuna aliyeruhusiwa kutoka mpaka Tinga apige makofi. Sheria hiyo aliiweka Kyalo. Aliwahi kumfukuza mwigizaji miezi miwili kwa kuivunja.

Siku hiyo Kyalo alicheza kama kijana aliyemtelekeza msichana. Philister akapiga magoti, akatoa maneno yake, vilio vikapanda.

"Gandeni!" Tinga akapaza sauti. "Watu wa Magongo, nani atamsaidia msichana huyu?"

"Mimi."

Nyamvula akaivuka kamba. Philister akasitasita, kisha akatoka nje kama sheria ilivyotaka. Kyalo akabaki naye wawili tu ndani ya kamba.

"Kijana," Nyamvula akaanza, "unanifahamu?"

"Na... nakufahamu. Wewe ndiwe msichana niliyekukosea."

"Nilikukabidhi nini?"

"Mapenzi yako."

"Mapenzi umepewa na wengi. Mimi nilikukabidhi kitu nilichompa mtu mmoja tu."

"Siri yako."

"Ukaipeleka wapi?"

"Jibu, kijana!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Ukiwa na wasichana ulimi unao, leo umeuacha wapi?"

"Niliwaambia watu," Kyalo akanong'ona.

"Watu wa wapi? Sema, wa nyuma hawasikii."

"Wa Mishomoroni. Wa Mtongwe."

Kicheko kikapita uwanjani, maana wengi bado walidhani ni mchezo.

"Mama yangu je? Alikuwa ameketi wapi?"

"Mbele."

"Na wewe uliniapia nini kabla sijamletea kiti?"

Kyalo akamgeukia Tinga. "Funga mchezo."

"Msichana hajamaliza," Tinga akajibu. "Baki ndani ya kamba, kijana."

"Swali dogo," Nyamvula akasema. "Habari ya leso ya buluu ulipewa na nani?"

Kabla Kyalo hajafungua kinywa, Philister aliita kutoka nje ya kamba.

"Ngoja kwanza! Leso ni ya nani? Kyalo, wewe uliniambia hiyo ni hadithi ya dada yako aliyekufa! Nimemlilia dada yako mitaa yote hii!"

Mwanamke mnene mwenye kilemba cha kanisani akasimama safu ya mbele. Alikuwa mama yake Kyalo.

"Dada yupi? Mimi nimezaa wavulana watatu, na wote ni hawa hapa! Kyalo, umemuua binti niliyemzaa lini?"

Uwanja ukalipuka. Kuna aliyecheka mpaka akaketi chini. Philister hakucheka.

"Na uchumba wako na Nyamvula? Uliniambia ulivunjika tangu Pasaka!"

"Ulivunjika vipi," Mzee Phineas akauliza huku akivua miwani, "nami nimesoma tangazo lao leo asubuhi?"

Sasa hapakuwa na aliyedhani ni mchezo. Kyalo akapiga magoti, mikono ameikunjua.

"Nyamvula, nisamehe. Nilikosa. Nilitaka kundi lifike mbali, nikapofuka. Nakupenda, Mungu ni shahidi wangu."

"Shahidi huyo huyo ulimwita Mishomoroni," akajibu. "Inuka. Wewe ni mwigizaji. Ukipiga magoti mbele ya watu, mimi sina njia ya kujua kama unatubu au unacheza."

Akawageukia wazee. "Mzee Phineas, tangazo husomwa mara tatu, na mwenye kujua kizuizi hutakiwa aseme."

"Ndivyo, binti yangu."

"Mimi ndiye bibi harusi, na mimi ndiye kizuizi. Usilisome tena."

Mzee Phineas akatikisa kichwa kwa kukubali, akakunja miwani yake. Nyamvula akavua pete, akaenda hadi kwenye kamba na kumnyooshea mama yake Kyalo.

"Shikamoo, mama. Hii ni ya mwanao."

"Marahaba, mwanangu." Mama yule akaipokea, akaifumbata. "Na yule mtoto... pole. Pole sana."

Nyamvula alikuwa amejiandaa kwa kila jambo isipokuwa neno hilo. Akalia hapo, wima, bila kujificha. Ndipo Tinga akapiga makofi.

Mgeni wa wafadhili alifunga daftari na kuondoka bila kuaga. Mwaliko wa Nairobi haukuja. Philister alirudisha nguo za mchezo jioni hiyo, zikiwa zimefuliwa lakini hazijakauka, akamwachia Kyalo mlangoni ndani ya ndoo. Tinga na wengine wakaanzisha kundi jipya Mtongwe, nao wakamwomba Nyamvula awe kiongozi. Aliwajibu kwamba atakubali kwa sharti moja: hadithi ya mtu isiingie uwanjani mpaka mwenyewe akae mazoezini, aisikie yote na aseme ndiyo.

Alhamisi alikuwa Kaloleni. Josephine alikataa kungoja mguu upone. Alikaa chini kando ya kaburi dogo ambalo hakuwahi kuliona, akang'oa magugu kwa mkono, akizungumza na mjukuu wake kwa Kigiriama, habari za nyumbani tu: bei ya unga, jirani aliyehama, mbuzi aliyezaa pacha. Nyamvula alikuwa akichota maji simu ilipolia.

"Umevunja kundi la watu sita," Kyalo alikuwa ameandika. "Mama hasemi nami. Kanisani wananiuliza habari za dada yangu. Umefurahi sasa?"

Nyamvula aliweka ndoo chini. Angeweza kunyamaza, na angeweza kuandika neno la upole lisilo la kweli. Akapima moyo wake kwanza, kisha akaandika alichokikuta humo.

"Nimefurahi. Msalimie mama yako."