Mpelelezi Aliyemwaga Maji

"Hodi hapa! Wenyewe mpo?"

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Natokea Mnyambe, namtafuta mbuzi wangu, kakata kamba. Nisaidie maji ya kunywa, jua limenichoma."

Nikaacha korosho nilizokuwa nabangua, nikamtolea kigoda. Alivaa miwani nyeusi, khanga mpya, na viatu visivyo na chembe ya vumbi. Eti kafukuza mbuzi toka Mnyambe! Nikamchotea kikombe kizima.

Akanywa mafunda mawili. La tatu akasukutua, akatema. Yaliyobaki akayamwaga chini, chwaa, huku macho yake yanakagua paa la nyumba yetu.

Sisi wa Kitangari maji tunayapata kwa jasho, bomba likikauka tunayafuata mbali na ndoo kichwani. Hata mtoto anayeanza kutembea hamwagi maji ya kikombe, yakibaki wanapewa kuku. Huyu mama hakuwa wa Mnyambe wala wa popote huku juu. Alikuwa mtu wa bondeni, wa karibu na mto.

Na Salmini wangu ni wa Nanganga, huko huko bondeni.

Salmini alikuja kupulizia dawa mikorosho ya baba, bomba mgongoni, uso umejaa unga wa salfa, tukapendana hivyo hivyo. Posa yake ilishaletwa. Kwetu posa haijibiwi kabla kila upande haujatuma mtu kuchunguza chini chini: wana ugomvi? Binti mvivu? Zamani walitumwa mashangazi. Lakini tangu uanze ule mchezo wa wapelelezi kwenye televisheni, wenye baba mpelelezi, mama mpelelezi, hata bibi mpelelezi, na kila mmoja anamficha mwenzake, wazee wetu wamechanganyikiwa. Kila mtu anataka kwenda mwenyewe.

Baba aliondoka alfajiri akidai anakwenda Newala mjini. Jana yake alinionya:

"Nikisikia neno moja baya juu ya familia ile, Salmini afute namba yako."

Nikaingia jikoni, nikamwandikia Salmini:

"Mama yako ana mwanya na kidoti shavuni?"

"Eeh. Umejuaje?"

"Yuko uani kwetu anatafuta mbuzi."

Jibu likaingia:

"Mungu wangu! Na hapa kuna mzee kavaa koti la mvua na jua hili, kofia kaishusha mpaka puani. Anaulizia jogoo wa kununua. Anasema anaitwa Cecil."

"Koti la kijani, halina kifungo cha juu?"

"Hilo hilo. Adhana imelia sasa hivi, Cecil kaomba mkeka aswali."

"Huyo ni baba!"

Nilicheka nikajiziba mdomo kwa khanga. Kisha kicheko kikakatika. Mmoja wao akirudi na neno baya, ndoa yangu imekwisha.

Nikatoka na sahani ya mihogo. Mama akala, akaanza kazi yake.

"Umeolewa, mwanangu?"

"Bado. Kuna mtu kaleta posa, wa Nanganga."

"Lo! Watu wa huko wakoje?"

"Mimi namjua mmoja tu. Mpole. Kila akila kwetu anasema mboga hii mama angeitia karanga."

Akainama ghafla, akajifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

"Na ukiolewa utamvuta huku juu, si ndiyo?" akauliza akiwa bado kainama. "Nasikia kwenu mume ndiye anayehamia kwa mke. Mama yake ana huyo mmoja tu."

"Umejuaje kama ana mmoja, mama?"

"Nimehisi."

Sauti yake haikuwa ya mpelelezi tena. Hapo nikajua kilichomtoa kwake.

Saa kumi nikawasha televisheni yetu ya sola pale barazani. Mchezo ukaanza.

"Kumbe na nyie mnautazama!" Akasogeza kigoda mpaka kwenye kioo. Siku hiyo mama mpelelezi alikuwa amemfunga mchumba wa bintiye kwenye kiti, anamhoji kwa mwiko.

"Mfungue mtoto wa watu, we mwanamke!" akapiga kelele. "Ningekuwepo mimi Mama Salmini..."

Akarekebisha miwani.

Mimi nikajifanya sijasikia. Nikamchotea kikombe kingine, nikampa kwa mikono miwili. Akakipokea.

"Umenijua."

"Ndiyo, mama."

"Tangu saa ngapi?"

"Ulipomwaga maji."

Akageukia pale alipomwaga, pameshakauka. Akachungulia ndoo, maji yamebaki chini kabisa.

"Sasa mbona umenipa tena?"

"Una kiu, mama."

Akavua miwani. Akanywa mpaka tone la mwisho.

Pikipiki ikaunguruma uani. Salmini mbele, baba nyuma na koti lake, jogoo kwapani.

"Bibie, wewe nani?" baba akauliza.

"Natafuta mbuzi," akajibu kwa mazoea.

"Mama, basi," Salmini akasema. "Na wewe Mzee Cecil, basi."

Baba akakaa kwenye kinu, kachoka.

"Wamenikamata kwa maji," akasema. "Mzee Sadallah, baba yake Salmini, kanipa ya kunawa. Nikanawa kwa matone, mengine nikampa jogoo. Mzee akacheka mpaka akakaa chini. Akasema huyu katoka Newala huyu!"

Mimi sikucheka.

"Baba, umesikia neno baya?"

"Moja tu. Wanamwaga maji kama wehu."

"Na mimi nina moja," Mama Salmini akasema. "Baba Mwanaheri, mnanichukulia mwanangu?"

Baba akamtazama jogoo. Salmini akatazama tairi. Nikapiga magoti mbele ya mama.

"Mama, msimu wa korosho tutakaa huku. Zikishauzwa tunashuka kwako, tunalima mpunga na wewe. Na kumwaga maji nitajifunza."

"Usijifunze!" akasema, akanikumbatia, machozi na kicheko pamoja. "Usithubutu, mkwe wangu."

Tulifunga ndoa korosho zilipokwisha. Wa Nanganga walipofika na vigelegele, nyuma ya gari lao hakukuwa na kabati wala kitanda. Kulikuwa na madumu ya maji, yamepangwa mpaka juu, yamefungwa riboni nyekundu. Majirani walikimbilia ndoo.

Mama mkwe akashuka, kavaa ile ile miwani nyeusi. Akanipa kikombe kimoja, kimejaa hadi ukingoni.

"Hiki ni kile nilichomwaga," akasema. "Hayo mengine ya harusi."