Ufa Nyuma ya Kabati

Kabla ya adhana ya alfajiri, vikombe vya Bi Salma vilianza kugongana kabatini. Tili, tili, tili.

Sabaha alifumbua macho gizani akasikiliza. Zamani sauti ya kwanza ya asubuhi ilikuwa ya Ritha, rafiki yake wa nyumba ya pili, akigonga ukuta kumwita wajiandae kwenda shule. Naye Sabaha alimjibu kwa kijiko. Sasa nyumba ya kina Ritha imebomolewa, wenyewe wamehamia Buguruni, na pale linajengwa ghorofa. Aliyebaki kugonga ni mashine ya kupigilia nguzo za msingi ardhini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unavisikia vikombe vyangu? Vimeanza ngoma yao."

Sabaha hakucheka. Nyuma ya kabati lile kulikuwa na ufa. Ulianza mwembamba kama uzi pembeni mwa dirisha, ukawa unateremka kila mashine ilipofanya kazi, mpaka kidole kikaingia. Idi ilipokaribia, wakati ambao kila mwaka huipaka nyumba chokaa, Bi Salma aliuziba kwa saruji, akapaka chokaa juu yake. Haukuchukua muda, ufa ukarudi. Ndipo wakasukuma kabati mbele yake.

"Usimwambie mtu," bibi alimwonya. "Wakiuona watasema nyumba haifai, watutoe. Hii nyumba kaijenga babu yako kwa mikono yake. Nimeingia humu bibi harusi. Nikitoka hapa Kariakoo niende wapi mimi?"

Sabaha alimwelewa. Naye alikuwa na yake ya kukumbuka: sinia za futari zilizopitishwa juu ya ukuta wa uani kwenda kwa kina Ritha, na bakuli za mtori zilizorudi kwao siku ya Krismasi.

Siku hiyo shuleni alishindwa kujizuia, akamsimulia Ritha.

"Na bibi analala wapi?" Ritha aliuliza.

"Palepale, ubavuni mwa ukuta."

"Basi ukuta ukianguka, kabati litaudaka." Ritha akauona uso wa mwenzake, akaacha mzaha. "Nakutania tu. Lakini sema, Saba. Mwambie mtu mzima."

Sabaha aliporudi nyumbani alimkuta mgeni ukumbini, mwanamke mwenye kofia ngumu ya njano na viatu vya matope. Alikuwa Injinia Leticia, msimamizi wa ujenzi ule.

"Bibi, kesho tunaanza kupigilia nguzo za upande wenu," alisema. "Hizi ni kubwa kuliko zile. Kuna ufa wowote mliouona?"

"Hakuna, mwanangu. Nyumba hii ina nguvu kuliko mimi."

Injinia alicheka, akachungulia chumbani. Kuta zilikuwa nyeupe, safi. Akaaga, akageuka kuondoka.

Sabaha aliutazama mto wa bibi yake, uliogusa ukuta. Akisema, labda watahamishwa. Asiposema, kesho zinakuja nguzo kubwa.

"Bibi, nisamehe," alisema. "Dada, ufa upo. Uko nyuma ya kabati."

Bi Salma aliinamisha uso, akaanza kukunja pindo la kanga yake. Kabati liliposogezwa, chokaa ilimwagika sakafuni kama unga.

Injinia hakufoka. Aliomba bilauri ya maji, akaiweka mezani, kisha akagonga upande wa pili wa meza. Maji yakajikunja viduara viduara.

"Ardhi ndivyo ilivyo," alisema. "Tunagonga kule, mtikisiko unasafiri kwenye udongo mpaka huku. Nyumba ya udongo na miti kama hii inachoka haraka. Ningejua mapema, ningebadilisha kazi mapema."

"Kwa hiyo mnatutoa?" Bi Salma aliuliza taratibu.

"Hapana, bibi. Leo mtalala chumba cha mbele. Kesho hatugongi. Tutaleta mashine ya kuchoronga mashimo, kisha tumwage zege humo, maana haitikisi sana. Na ukuta tutautengeneza sisi, kwa sababu tumeuharibu sisi."

Kesho yake mafundi waliuegemeza ukuta kwa mbao. Injinia akabandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, kikashika kingo zote mbili.

"Ufa ukitembea hata kidogo, hiki kitavunjika," alimwambia Sabaha. "Kikikaa kizima, tutajua ukuta umetulia, ndipo tuuzibe. Kitazame kila asubuhi."

Jioni, Bi Salma alimketisha mjukuu wake barazani, wakawa wanatazama watu wakifunga maduka.

"Nilidhani nikinyamaza naitunza nyumba ya babu yako," alisema. "Kumbe nilikuwa nautunza ufa. Mtu mzima akikwambia ufiche jambo linaloweza kuumiza watu, mjukuu wangu, usifiche. Sema, hata kama mtu mzima huyo ni mimi."

Alfajiri iliyofuata mashine mpya ilikuwa inanguruma kwa mbali, lakini vikombe vilinyamaza. Sabaha alichukua tochi, akaingia chumba cha nyuma, akaumulika ukuta. Bi Salma alisimama mlangoni, mkono kifuani, akingoja.

"Kioo ni kizima, bibi."