Ala Iliyopakwa Samli

Silantoi aliona samli kwanza. Ala ya sime ya marehemu babu ilining'inia msumarini kama siku zote, nyekundu, lakini ngozi yake iling'aa kwa samli mpya. Ndani haikuwa na kitu.

"Ni huyu Luqman!" mjomba Frederick alinguruma. "Jana nani alipita hapa Kikwe akinunua vyuma chakavu?"

Luqman alikuwa amekalishwa uani juu ya ndoo. "Mzee, shikamoo yangu bado iko palepale, hujaiitikia. Nilinunua sufuria mbovu mbili. Sime ningeificha wapi, kwenye soksi?"

"Utachekea polisi. Bodaboda inakuja."



Silantoi akawaza: mwizi gani huacha ala, tena akaipaka mafuta?  Kanuni ile aliijua. Ilikuwa ya katuni ya Kijapani aliyoisoma kwenye simu na kumsimulia koko, bibi yake, wakichambua maharage. Upanga wa Torigai, shujaa wa katuni hiyo, hauna nguvu yake wenyewe. Hula kumbukumbu za anayeushika. Kila adui anayeanguka, Torigai husahau sura ya mtu ampendaye. Akitaka sura zirudi, sharti aulaze upanga kwenye maji yanayotembea, na ala ibaki nyumbani, imepakwa mafuta, ili kumbukumbu zipate pa kuingia.

Akakimbilia mfereji ulio nyuma ya migomba. Sime ilikuwa chini ya maji, imebanwa kwa mawe. Alirudi nayo ikichuruzika.

Koko akafoka toka mlangoni, "Mbona umeitoa? Sura ya baba yako haijanirudia! Si wewe uliyenisimulia?"

"Mnamtetea mwizi," Frederick alisema. "Mama ana akili kutuzidi sote. Luqman, inuka!"

Nje bodaboda ilipiga honi. Silantoi, ambaye mbele ya mjomba huwa hainui macho, akasimama katikati yao.

"Mjomba, muulize mimi ni nani."

Frederick akamgeukia koko. "Mama, huyu nani?"

"Swali gani hilo? Lydia wangu. Dada yako humjui?"

Frederick akakaa chini, palepale vumbini. Akasema, "Nenda, Luqman. Utusamehe."

"Tangu masika akiniita Lydia namwitikia," Silantoi alisema. "Siku nilipomwambia Lydia, mama yangu, alishakufa, koko alilia msiba upya. Basi nikaona heri Silantoi ndiye asiwepo."