Karatasi Iliyofika Tupu

Asubuhi ile kompyuta kubwa ya ofisi haikuitika, na zile ndogo tatu zikafuta orodha ya wagonjwa wa kupelekwa hospitali ya Tabora. Ilikuwa Mpanda, mwaka 1998. Kila saa moja asubuhi ndogo zilijichukulia orodha mpya kutoka ile kubwa. Fundi Manyanda ndiye aliyezipanga hivyo, ila hakuziambia zifanye nini kubwa ikinyamaza. Zikaona kimya ni orodha tupu, zikafuta majina ziliyokuwa nayo. Dereva wa ofisi akaichapa karatasi, akaigonga muhuri bila kuitazama, akaenda nayo kwenye makazi ya wakimbizi.

Bila jina kwenye orodha, askari wa getini hamruhusu mtu kutoka. Treni ya Tabora ilikuwa iondoke saa saba mchana.

Simu ikalia. Alikuwa Odeta, karani wa zahanati ya makazi, yule wa kitenge cha njano aliyemkanyaga Manyanda stesheni akamcheka badala ya kumwomba radhi.

"Manyanda, karatasi ni tupu. Mama yuko wapi?"

"Mpenzi, subiri..."

"Usiniite mpenzi! Jumapili uliniomba ndoa, nikasema ngoja mama atibiwe mguu. Leo hayumo. Unanikomoa?"

"Wamefutika wote kumi na tisa!"

"Kwa hiyo umewaponza wote kwa ajili yangu?"

Manyanda alikuwa ameuona mguu ule Jumapili: vidole viwili vyeusi, na harufu.

"Odeta, daftari lako la wagonjwa unalo?"

"Lile ulilolicheka ukasema ni la mwalimu wa chekechea?"

"Hilohilo. Nisomee."

Akasoma. Manyanda akachapa. Kwenye jina la kumi na moja alipunguza mwendo.

"Huyu ni mama. Joséline. Usikosee."

Aliipeleka orodha mwenyewe kwa pikipiki. Odeta alimpokea getini, akamfuta vumbi usoni kwa ncha ya kitenge.

"Kumbe unatetemeka hivi, Msukuma?"

"Niliogopa."

"Mimi nilikuogopa wewe."

Walipofika stesheni na wagonjwa, reli ilikuwa tupu; treni ilikwisha kuondoka.

Siku hiyohiyo Manyanda aliziagiza ndogo upya: kubwa ikinyamaza, zishike zilichonacho na zipige kelele. Odeta alimkubali wiki iliyofuata, kwenye benchi la wodi, Tabora.

Majina kumi na tisa yalirudi yote. Treni nyingine ilikuja baada ya siku tatu. Mguu wa Mama Joséline ulikatwa juu ya goti. Daktari alisema siku tatu nyuma angekata vidole viwili tu.