Yusra Achagua Baiskeli

Kila siku baada ya chai ya asubuhi, Yusra alianza safari ya kilomita sita kwenda shuleni Msambweni. Alipita mchanga wa minazini, kisha barabara ya changarawe, ndipo akaifikia lami. Alikuwa mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa maneno, lakini kwa wiki mbili alikuwa amechelewa mara nne.

"Kikosi cha sayansi hufanya mazoezi kabla ya kengele," Mwalimu Mumbe alimwambia. "Ukichelewa mara mbili tena, nafasi yako ya kwenda kushindana Kwale nitampa mwingine."

Yusra aliitaka nafasi hiyo kuliko nguo ya Idi. Mjomba wake, Mbwana, aliposikia, alimpeleka Ukunda Jumamosi kwa fundi Ndolo, muuzaji wa baiskeli za mitumba. Adhana ya adhuhuri iliwakuta mlangoni.

"Chagua na fundi, mimi naenda kuswali," mjomba alisema.

"Unapita njia gani kwenda shule?" Ndolo aliuliza.

Yusra alikuwa ameshaiona baiskeli nyekundu ya mashindano, yenye tairi nyembamba kama zile za watalii wa Diani. Alijua kwamba akiutaja mchanga, ataikosa.

"Lami, fundi. Lami tupu mpaka mlangoni."

Ndolo alimtazama kidogo. "Basi hiyo itakufaa."

Mjomba aliporudi, alikuta mambo yamekwisha, akalipa.

Jumatatu baiskeli ilizama mchangani, ikamwangusha. Kwenye changarawe tairi ikapata pancha. Yusra aliikokota mpaka shuleni, akakuta wenzake wameshamaliza mazoezi.

"Imebaki mara moja," Mwalimu Mumbe alisema, wala hakupandisha sauti. Yusra aliona aibu iliyomuuma kuliko goti lililochubuka.

Njia nzima ya kurudi alipanga maneno ya kumlaumu fundi. Lakini mjomba alipoliona goti na ile pancha, akataka kwenda kumfokea Ndolo, Yusra alimshika mkono.

"Mjomba, usimgombeze. Mimi nilimdanganya. Nilimwambia njia yetu yote ni lami."

Mjomba alishusha pumzi. "Twende ukamwambie mwenyewe."

Ndolo alimsikiliza mpaka mwisho. "Mchanga niliuona kwenye viatu vyako," alisema. "Lakini nilikuamini wewe. Si ungeniambia tu?"

"Nisamehe, fundi."

Ndolo aliipokea ile nyekundu, akatoa badala yake baiskeli ya kijani, usukani wake umepinda kama pembe za kondoo. "Hii ni ya changarawe. Tairi ni pana kiasi na zina meno madogo, kwa hivyo mchanga hauzimezi, na kwenye lami hazikuchoshi. Panda. Miguu inafika chini? Vizuri. Lakini sikufichi, kwenye lami ile nyekundu itaipita."

"Haidhuru," Yusra alijibu. "Mimi sikimbizani na lami, nakimbizana na kengele."

Mjomba, aliyezoea kujaza baiskeli yake ya madafu upepo mpaka tairi iwe ngumu kama jiwe, alishika pampu. Ndolo akamzuia. "Hapana, mzee. Kwa mchanga tunapunguza upepo, tairi ilale kidogo. Ukiijaza hivyo, itazama tu."

Mjomba alicheka, akarudisha pampu. Kumbe hata yeye alikuwa na la kujifunza.

Kesho yake Yusra alipita mchangani akiyumba kidogo, akaikata changarawe, akabadilisha gia kwenye lami. Mwalimu Mumbe alimkuta ameketi mlangoni mwa darasa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo umefikaje mapema hivi?"

Yusra alimweleza yote. Hata uongo wake hakuuficha.

"Fundi, daktari na mwalimu hukusaidia kwa yale unayowaambia," Mwalimu Mumbe alisema. "Ukiwadanganya, watamsaidia mtu ambaye si wewe. Njia yenu ni ya mchanga, Yusra. Itaje bila haya, upate kitu cha kuipitia. Sasa ingia ndani. Leo utaanza wewe."